Swichi Niliyoiweka Mgongoni Mwako

Dama mwanangu,

Siku ile uliponifuata jikoni, mgongo umepakwa shubiri, ukaniambia, "Mama mdogo, nisamehe, nimekuharibia," mimi nilikujibu, "Basi, nimekusamehe." Hakuna mtu niliyewahi kumwambia hili: hukuwa na kosa lolote, na wakati nikikujibu nilijua. Nilikusamehe kosa langu mwenyewe, tena kwa sauti ya upole, kama mtu mwema.

Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitapotelea humo humo. Unanijua. Kesho asubuhi mtavuka feri na baba yako kwenda kuishi kwake Rabai, na mambo ya sabuni, ya kuamkia wakubwa na ya kutokula njiani Nyanya amekwambia mpaka umeanza kuyasema ukimwiga sauti. Mimi sina la kuongeza. Nataka kukueleza habari za lile vazi la kimulimuli, zilivyokuwa kweli. Maneno yatakayokushinda leo utayaelewa ukifika madarasa ya juu.

Kwetu dada wa mama ni mama, hata akiwa mtoto. Mama yako, dada yangu Kache, alipofariki ulikuwa bado hujasimama dede, nami nilikuwa darasa la pili. Nyanya alikufunga mgongoni mwangu kwa leso, akasema, "Huyu ni wako. Usimwangushe." Basi nilisoma nikiwa nimekubeba. Ukilia nilikuwa nasoma kwa sauti, lolote lililokuwa mbele yangu, hata jedwali la kuzidisha, na wewe ulikuwa ukinyamaza. Mama Zawadi wa nyumba ya pili hunitania mpaka leo: "Mama gani huyu anayelala na vitabu? Ukiolewa utampikia mume karatasi?" Nami huinamisha uso. Nina haya, Dama. Darasani najua jibu na mkono hauinuki. Nikiitwa ubaoni chaki huniponyoka.

Nakueleza haya ili ujue kwa nini lile vazi lilikuwa kubwa kwangu kuliko lilivyopaswa kuwa. Tangu masomo mapya yaanze na watoto wa msingi waambiwe washone na wagonge misumari, shule yenu ilitaka siku ya wazazi iwe na mchezo wenye mavazi yaliyotengenezwa kwa mikono. Mwalimu mkuu wenu, Mwalimu Kazungu, alikuja nyumbani akanikuta nachambua mchicha.

"Binti, nasikia unajua mambo ya umeme."

"Kidogo, mwalimu."

"Kidogo kinatosha. Tuna mchezo wa wadudu wa usiku, na Dama wenu ndiye kimulimuli. Sasa kimulimuli bila taa si nzi tu huyo?"

Nyanya akacheka mpaka akashika mlango. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeshaanza kuchora kichwani. Niliona watu wote wa hapa Kibarani wakitazama taa zikiwaka, na mimi niko nyuma ya pazia, sionekani, lakini kila mtu anajua ni kazi ya nani. Kwa mtu kama mimi hakuna sifa tamu kuliko hiyo.

Unakumbuka tulivyolitengeneza? Kitambaa cheusi cha sketi kuukuu ya Nyanya, mabawa ya waya na plastiki, na mkiani glopu nne za tochi tulizozifunga kwa karatasi za peremende za rangi ya kijani. Wewe ulikula peremende zote ukasema ni kazi. Mawe ya tochi, yaani betri zake, niliyashonea mfuko juu ya mgongo. Umeme wa mawe hauui mtu, hilo nililisoma na ni kweli, na kwa sababu ni kweli nikaacha kufikiria mengine yote.

Ulikuwa unauliza sana. "Mwanga unapita wapi, mbona siuoni ndani ya waya?" Nikakwambia ungoje usome. Ulinishikia nyaya nilipokuwa nazifunga, ukakunja wewe mwenyewe kipande cha kopo tulichokifanya swichi, na kikakaa vizuri kuliko nilichokikunja mimi. Kisha ukasema:

"Swichi niwekee hapa mkononi, mama mdogo. Niwake nikitaka."

"Utasahau. Nitakuwasha mimi kabla hujatoka."

"Lakini kimulimuli hujiwasha mwenyewe."

Nikacheka, nikakuita mwalimu, na swichi nikaishona katikati ya mabega yako, mahali ambapo mkono wako haufiki. Nilitaka taa ziwake kwa wakati nilioupanga mimi. Huo ndio ukweli. Sikuwa nimekuamini na vazi ulilolivaa wewe.

Kosa la pili lilikuwa nyaya. Waya wenye ngozi yake ya plastiki ulivimba chini ya kitambaa, ukaonekana kama mshipa. Nikaona vibaya. Nikaumenya, nikachukua nyuzi zake nyembamba za ndani, nikazilaza sambamba toka kwenye mawe mpaka mkiani. Ili zisigusane nikazifunika kwa ukanda wa karatasi niliougandisha kwa uji wa muhogo, kama tunavyofunika vitabu. Ukikauka ule uji unakuwa mgumu, laini, unapendeza. Nikakivisha kiti lile vazi, nikawasha, taa zikawaka jioni nzima. Nilifurahi. Mama Zawadi akapita akasema, "Kiti kimependeza kuliko bwana harusi."

Kiti hakitoki jasho, Dama. Nilisoma kurasa ngapi za umeme, na hilo halikunijia.

Siku yenyewe unaijua. Ukumbi wa kanisa ulifungwa madirisha kwa magunia ili taa zionekane, na watu walijaa mpaka wengine wakasimama juu ya mabenchi. Mle ndani mlikuwa kama tanuri. Mwalimu Mutua, anayenifundisha fizikia, alikuja akakaa mstari wa mbele. Alikuwa ameniambia kwamba kazi yangu ikifaulu atanipeleka kwenye maonyesho ya sayansi ya shule za pwani, na katika darasa letu hajawahi kupelekwa msichana. Nilikuwasha, nikakusukuma utoke.

Ulipotokea na mkia wa kijani, watu walipiga vigelegele. Nyanya alisema kwa nguvu, "Wangu huyo!" Machozi yalinilenga.

Katikati ya wimbo uliinama kama tulivyofundishana, unakunywa umande. Ulipoinuka glopu zilikuwa zimefifia. Ukarudi nyuma mpaka karibu na pazia, ukageuza uso, ukasema kwa sauti ndogo, "Mama mdogo, unaniunguza."

Nilikusikia. Watu wote wanadhani sikusikia, kwa sababu ya ngoma. Nilikusikia vizuri sana. Karatasi ilikuwa imelowa jasho ikachanika, nyuzi mbili zimegusana, na umeme wote wa mawe ulikuwa unapita humo badala ya kwenda kwenye glopu. Wakati ule sikuyajua haya kwa mpangilio huu, lakini nilijua kwamba waya mwembamba ukipitiwa na umeme mwingi hupata moto. Liko kwenye kitabu, nilishalifanyia mtihani nikapata vema. Ningenyoosha mkono tu, swichi ilikuwa pale mbele yangu.

Nikakwambia, "Vumilia. Wimbo ukiisha."

Jambo la kwanza lililonijia moyoni halikuwa mgongo wako. Lilikuwa kwamba glopu zimefifia na Mwalimu Mutua anaona. Nilikasirikia giza. Ulicheza ubeti mzima ukiwa unaungua, na hukulia, kwa sababu nilikwambia uvumilie na wewe ulikuwa ukinitii.

Walipokuvua palikuwa na mstari mwekundu toka begani mpaka kiunoni, mwembamba kama uliochorwa kwa rula. Wazazi wakatuzunguka. Mwalimu Kazungu akauliza, "Imekuwaje tena?" Kila mtu akanitazama mimi, Mwalimu Mutua akiwa nyuma yao. Mdomo wangu, huu ambao darasani haufunguki, ukafunguka.

"Ameichezea swichi. Nilimkataza."

Basi. Maneno yenyewe ni hayo. Hayakunichukua hata pumzi nzima.

Ulinitazama. Nilidhani utasema, "Swichi iko mgongoni, ningeifikiaje?" Mtu mzima yeyote pale angeweza kulisema, vazi lilikuwa mikononi mwao. Hakuna aliyetazama. Walikubali haraka, kwa kuwa mimi ni msomi na wewe ni mtoto. Nyanya akasema, "Ewe mtoto, mikono yako!" akakubeba kwenda kukupaka shubiri. Na wewe, nadhani, ulianza kujiuliza kama kweli uliigusa. Ndilo linaloniuma kuliko lile jeraha. Ulikuwa na hakika, nami nikakunyang'anya.

Kesho yake shuleni wakaanza, "Kimulimuli kazima! Kimulimuli kazima!" Ulirudi na kitambaa cha kichwa kimeraruka. Nilikushonea. Nilikushonea, Dama, na sikusema kitu.

Mwalimu Mutua aliyaamini maneno yangu, akanipeleka kwenye maonyesho. Nililitengeneza vazi upya. Mawe nikayatoa mwilini nikayatia kwenye mkoba mdogo wa turubai unaoning'inia nje ya nguo. Nyaya nikaziacha na ngozi yake, zivimbe zinavyotaka, na kila mahali nilipounga nikazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Kila waya ukapita njia yake, mmoja kulia mmoja kushoto, ili hata ngozi ikichubuka zisikutane. Kabla ya kwenda nililivaa mwenyewe, nikatwanga mahindi nalo mpaka nikalowa, ndipo nikaliamini. Na swichi nikaiweka kiunoni mbele, mahali mvaaji anapoifikia hata akiwa gizani.

Wasimamizi waliniuliza, "Kwa nini swichi umeiweka hapa?" Nikawajibu bila kigugumizi, "Anayevaa ndiye wa kwanza kujua kuna hatari, kwa hiyo ndiye anayepaswa kuizima." Wakaandika. Mmoja akasema nina akili ya utu uzima. Nilijua nimejuaje. Nilisimama pale nikauza mgongo wako kama fikra zangu.

Nilirudi na kitabu cha zawadi, nikakusomea. Ulikaa mbali na taa ya chemli. Ndipo nilipoanza kuona. Nikikwambia fungua redio, unamwita Nyanya. Nikikwambia nishikie tochi, unaweka mikono nyuma. Wewe uliyeuliza mwanga unapita wapi hukuniuliza tena swali lolote la namna hiyo, na mimi nilijiambia eti umekua.

Nimekosa mengi kwako, mengine madogo. Niliwahi kukusahau kisimani kwa ajili ya kitabu. Niliwahi kukudanganya kwamba kurasa zimeisha ili ulale. Hayo tunacheka. Hili lilikaa peke yake, na kadiri nilivyokaa nalo ndivyo nilivyozidi kukuonea haya, na kadiri nilivyokuonea haya ndivyo nilivyozidi kuwa mkali kwako. Ule ukali wa mwaka huu, wa "usiguse", "ondoka hapo", haukuwa wako. Ukija kukuta mtu anakukaripia bila sababu, huenda ni hivyo. Sisemi umvumilie. Neno hilo sitaki nikwambie tena. Kitu kikikuunguza, vua. Vua mbele ya watu, wimbo uwe umeisha au haujaisha, na anayekwambia ungoje mwache angoje yeye.

Na ukitaka kutengeneza kitu chenye taa, tengeneza. Mawe ya tochi yanatosha, usiguse ule umeme wa ukutani. Tumia waya mzima wenye ngozi yake, fanya mkoba wa nje, weka swichi mahali utakapoifikia wewe, uvae mwenyewe kwanza utoke jasho. Mikono yako haina ubaya wowote. Kile kipande cha kopo ulichokikunja ndicho kitu pekee kwenye vazi lile ambacho hakikuwa na kosa.

Nilikuwa nimekusudia kuimalizia hapa, niikunje, niitie kwenye sanduku lako chini ya nguo, uikute Rabai. Niliona ni busara. Sasa jua linashuka, na mko hapo barazani, mimi niko ndani na mlango uko wazi. Nyanya anamwambia baba yako:

"Mtoto hana neno, ni msikivu. Ila mikono yake haitulii. Wewe nyumbani kwako una umeme, vitu vyako vifunge."

Baba yako anacheka. "Mama, nitamfunga yeye mikono kwa katani."

Na wewe, kabla hawajamaliza kucheka: "Sitagusa kitu, baba. Naapa sitagusa."

Nimesoma tena niliyoyaandika. Uongo niliusema kwa mdomo, mbele ya watu, na ukweli nataka kuutia chini ya nguo. Ungeisoma peke yako ugenini, na hawa wote wangebaki na maneno yangu ya kwanza. Kwa hiyo naweka kalamu chini.

Nimerudi sasa, ni baada ya magharibi. Naandika yaliyotokea, ingawa mengine uliyaona, ili yawe pamoja na hayo ya juu.

Nilitoka nje nikasimama barazani mbele yenu. Nyanya akasema, "Haya, msomi wetu katoka pangoni." Nikasema, "Mama, shemeji, Dama hakuigusa swichi siku ile. Nilisema uongo." Sauti ilikuwa ndogo, baba yako akaniomba nirudie. Nikarudia. Nikawaeleza nyaya, karatasi, jasho. Nikawaeleza pia kwamba uliniambia unaungua nami nikakwambia uvumilie.

Nyanya akasema, "Lakini nilimwona mtoto akishikashika..." Nikakuomba ujaribu kupeleka mkono katikati ya mabega. Ulijaribu kwa juu, ukajaribu kwa chini. Vidole havikufika. Baba yako akatazama mkono ule, akaacha kucheka. Akakwambia, "Nimeondoa lile neno la katani, mwanangu. Samahani." Nyanya akainuka akaingia jikoni bila kunitazama, na hajanisemesha mpaka sasa.

Wewe ulisema, "Kwa hiyo wewe ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Ukachukua kigoda chako ukakipeleka upande wa baba yako. Sikukuomba msamaha mbele yao, kwa sababu ungelazimika kunijibu.

Nikajifunga leso nikaenda kwa Mwalimu Kazungu. Nilimkuta anakula. Nikabisha hodi, nikamwamkia, nikamweleza nikiwa nimesimama mlangoni, maana nilihofia nikikaa nitanyamaza. Aliacha kula. Akasema, "Na wale watoto waliomwimbia?" Nikamwambia ndiyo maana nimekuja, naomba Jumatatu asubuhi wakiwa mstarini niwaeleze. Akaniambia ananijua nilivyo, kama nataka atawaambia yeye. Nikasema hapana, mwalimu, nitasema mwenyewe. Akasema nije mapema, kabla ya kengele. Kwa Mwalimu Mutua nitakwenda siku hiyo hiyo, nikishatoka shuleni kwenu.

Kisha nikarudi kwa njia ya nyuma ya kanisa. Nikawasha jiko, nikakupashia maji ya kuoga. Ulipokuja kuyachukua nilitaka kukubebea ndoo, ukasema utabeba mwenyewe. Nikakuachia. Uliivuta mpaka bafuni kwa mikono miwili, ukimwaga kidogo kidogo, na ukafunga mlango.

Mamako mdogo,
Sidi